Namna ya Kusoma Shairi la Kiingereza Lililojaa Maneno ya Kishairi

Maswali ni yale yale kila mwaka. "Thou" ni nini? Mbona "over" limeandikwa "o'er"? Kwa nini kamusi yangu haina "hied"? Anauliza mwanafunzi wa kidato cha tano, anauliza mwalimu kijana aliyekabidhiwa kipindi cha fasihi ya Kiingereza, anauliza mwanakwaya anayetaka kutafsiri wimbo. Nimeona niandike jibu lote mahali pamoja, kwa utaratibu, ili anayeanza leo aweze kushika shairi la miaka mia mbili iliyopita na kulimaliza bila kulia.

Jambo moja ulijue kabla hatujaanza: karibu kila kinachokutisha humo umeshakutana nacho katika ushairi wa Kiswahili. Mshairi wetu akibanwa na mizani husema "nambie" badala ya "niambie", na hiyo tunaita inkisari. Akipungukiwa silabi husema "enenda" badala ya "enda", na hiyo ni mazda. Akitaka kina hupindua mpangilio wa maneno, tukasema ameboronga sarufi. Akitaka ladha ya zamani huchukua "mtima" akaacha "moyo", au huazima Kiamu akasema "mato" na "nti" pale ambapo wewe ungesema "macho" na "nchi". Washairi wa Kiingereza wamefanya hayo manne, kwa sababu hizo hizo. Ukilishika hilo, kazi iliyobaki ni ya mikono.

Vitu vya kuwa navyo

Shairi lenyewe, katika chapa yenye nambari za mishororo kama inapatikana. Penseli na daftari. Sauti yako, na mahali ambapo hutaona haya kuitumia.

Kamusi mbili. Ya kwanza ni ile yako ya kawaida ya Kiingereza na Kiswahili. Ya pili iwe kamusi kubwa ya Kiingereza kwa Kiingereza inayoonyesha maana za zamani. Merriam-Webster na Wiktionary zinapatikana bure kwenye intaneti, na zinatosha kuanzia. Oxford English Dictionary ndiyo mama yao kwa historia ya maneno. Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na kazi nzima ikakamilika 1928. Kama maktaba ya chuo chako inailipia, itumie. Jifunze vifupisho vinne tu: "arch." ni neno la kikale, "obs." ni neno au maana iliyokufa kabisa, "poet." ni neno la kishairi, "dial." ni neno la lahaja.

Kitu cha mwisho wengi hawakifikirii: Biblia mbili, ile ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611 na ile ya Kiswahili iitwayo Union Version. Hata kama wewe si Mkristo, zichukue kama matini ya lugha. Hakuna mahali pengine utakapopata Kiingereza cha zamani na Kiswahili safi vikiwa vimepangwa aya kwa aya namna hiyo. Ukipenda tamthilia, Mwalimu Nyerere alitafsiri mbili za Shakespeare, na "Juliasi Kaizari" ukiiweka kando ya maandishi ya Kiingereza itakufundisha mengi.

Beti ya mazoezi

Nimetunga mishororo hii minne kwa ajili ya somo hili, nikaijaza kila aina ya kikwazo. Inakili kwenye daftari, ukiacha nafasi chini ya kila mshororo.

Ere morn had touched yon silent vale,
O'er billows dark the fisher hied;
"Alas!" quoth she, "thy oft-patched sail
Shall ne'er outlast the evening tide."

Hatua ya 1: Soma kwa sauti kabla ya kufungua kamusi

Soma mara tatu. Usitafute maana; tafuta pigo. Katika Kiswahili mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu katika kila neno, kwa hiyo hatuhangaiki nao. Tunahesabu silabi na kuzipa jina la mizani. Mwingereza wa zamani alihesabu silabi pia, lakini alichokijali zaidi ni mpishano wa silabi nyepesi na nzito. Piga meza kwa kidole: pigo dogo, pigo kubwa, pigo dogo, pigo kubwa. "Ere MORN had TOUCHED yon SI-lent VALE." Silabi nane, mapigo makubwa manne.

Mpangilio utakaoukuta mara nyingi kuliko yote ni ule wa silabi kumi zenye mapigo makubwa matano. Ndio uliobeba tamthilia za Shakespeare na soneti zake (mashairi ya mishororo kumi na minne), zilizochapishwa 1609. "Shall I compare thee to a summer's day?" Hesabu mwenyewe, utapata kumi.

Kwa nini tunaanza hapa? Kwa sababu pigo ndilo litakalokueleza mbona neno limekatwa. Aliyeandika "o'er" hakuwa mvivu. "Over" ina silabi mbili, "o'er" ina moja, naye alikuwa na nafasi ya moja tu.

Hatua ya 2: Fungua maneno yaliyobanwa

Pitia shairi lote ukitafuta alama ya ritifaa, ile tunayoiweka katika "ng'ombe". Kila unapoiona, isipokuwa ile ya umiliki kama katika "summer's", kuna herufi imetolewa. Andika neno zima chini yake.

"O'er" ni "over". "Ne'er" ni "never", na "e'er" ni "ever". "'Tis" ni "it is", "'twas" ni "it was". "'Neath" ni "beneath", "'gainst" ni "against", "'mid" ni "amid". "Heav'n" ni "heaven" lililobanwa likawa silabi moja. "Th'" ni "the" iliyogandishwa kwenye neno linalofuata. Mengine ni mafupi bila alama yoyote: "oft" ni "often", "morn" ni "morning", "eve" ni "evening", "ope" ni "open".

Onyo: usichanganye "e'er" na "ere". Yanatamkwa sawa kabisa. La kwanza lina ritifaa na maana yake ni "wakati wowote"; la pili halina, na maana yake ni "kabla ya". Mshororo wa kwanza wa beti yetu unaanza na la pili. Aliyesoma "daima asubuhi iligusa" ameshapotea kabla ya kutoka nyumbani.

Kuna pia kinyume chake, yaani mazda. Ukiona alama juu ya "e" kama katika "blessèd" au "learnèd", ile "-ed" inatamkwa silabi nzima. Wachapishaji wengine hawaweki alama. Utaigundua kwa kuhesabu.

Hatua ya 3: Waweke sawa "thou" na jamaa zake

Hapa ndipo Mswahili ana bahati kuliko wageni wengi, ajabu ni kwamba hapa ndipo tunapoteleza. Sisi tuna "wewe" kwa mmoja na "ninyi" kwa wengi. Kiingereza cha leo kina "you" tu kwa wote. Zamani nacho kilikuwa na mawili: "thou" kwa mmoja, "ye" kwa wengi. Kwa hiyo ukikuta "thou", soma "wewe" bila kusita.

"Thou" ni wewe unayetenda: "thou seest", waona. "Thee" ni wewe unayetendwa: "I see thee", nakuona. "Thy" ni -ako: "thy sail", tanga lako. "Thine" ni -ako pia, ama likisimama peke yake, ama, mara nyingi ingawa si lazima, likifuatwa na irabu: "thine eyes". "Mine" nayo hutumika hivyo mbele ya irabu, "mine enemies", adui zangu.

Kitenzi kinachoandamana na "thou" hupata "-est" au "-st": "thou knowest", "thou didst", "thou canst". Vichache vina sura zao wenyewe: "thou art", "thou hast", "thou dost", "thou wilt", "thou shalt". Angalia hapo: "art" si sanaa, na "wilt" si kunyauka. Nimesahihisha tafsiri nyingi ambamo mtu kwa uaminifu kabisa ameandika "wewe sanaa". Kitenzi cha "he" na "she" hupata "-eth": "he cometh", yuaja. "Hath" ni "has", "doth" ni "does".

Fungua sasa Zaburi ya 23. "Thou preparest a table before me in the presence of mine enemies." Upande wa pili: "Waandaa meza mbele yangu, machoni pa watesi wangu." Halafu "my cup runneth over", na "kikombe changu kinafurika". Aya moja imekupa "thou", "-est", "mine" mbele ya irabu, na "-eth". Ikariri kwa lugha zote mbili, hutahitaji jedwali.

Onyo kubwa: watu wengi hudhani "thou" ni neno la heshima kwa sababu wamelisikia katika sala. Ni kinyume. Wakati wa Shakespeare "thou" lilikuwa la mtu wa karibu, mtoto, mpenzi, mtumishi, au adui unayemdharau. Mkubwa aliitwa "you". Mungu aliitwa "thou" kwa ukaribu, jinsi mtoto anavyomwita mzazi wake. Kwa hiyo mhusika akiacha "you" ghafla akashika "thou", simama uangalie: ama anampenda anayemwambia, ama amemkasirikia.

Hatua ya 4: Rudisha maneno mahali pake

Kwa kila sentensi, si kila mshororo, fanya hivi: tafuta kitenzi, zungushia duara. Uliza nani anatenda, pigia mstari. Uliza anatendwa nani au nini. Kisha andika upya kwa mpangilio wa kawaida.

Mshororo wetu wa pili: "O'er billows dark the fisher hied." Kitenzi ni "hied". Mtendaji ni "the fisher". Ukiupanga: "The fisher hied over dark billows." Na tazama "billows dark": sifa imekuja baada ya nomino, kama sisi tunavyosema "mawimbi meusi". Kwa Mwingereza hiyo ni boronga. Kwako wewe ni kawaida, hata huenda usiione.

Lakini usijiamini mno. Kiswahili hubeba mtendaji na mtendwa ndani ya kitenzi chenyewe, kwa hiyo hata ukipindua maneno maana haipotei sana. Kiingereza hakina viambishi hivyo; nafasi ya neno ndiyo inayosema nani kamtenda nani. Mshairi akiipindua, utata unaweza kubaki kweli kweli. Katika shairi la maombolezo la Thomas Gray la mwaka 1751 kuna mshororo usemao "And all the air a solemn stillness holds". Ni hewa iliyoshika ukimya, au ni ukimya ulioishika hewa? Wasomaji wa Kiingereza wenyewe wanaweza kuusoma kwa namna zote mbili. Ukikutana na hali kama hiyo, andika zote kwenye daftari. Hujashindwa.

Usiruke "quoth she". "Quoth" ni "alisema", na hutangulia mtendaji wake: "quoth she", akasema huyo mwanamke. Ni nani? Mke, mama, jirani? Beti haisemi, nawe usimwongezee.

Hatua ya 5: Sasa fungua kamusi, lakini kwa makundi

Nimeichelewesha makusudi. Ukiifungua mwanzoni utabeba rundo la maana usilojua pa kuliweka. Gawa maneno yaliyobaki katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni maneno ya mapambo, yaani maneno mazuri ya vitu vya kawaida. Hayana siri. "Steed" ni farasi. "Foe" ni adui. "Vale" ni bonde. "Billow" ni wimbi kubwa. "The main" ni bahari kuu. "Brook" ni kijito. "Bower" ni kivuli cha matawi, mahali pa kupumzikia. "Azure" ni buluu ya anga. "Slumber" ni usingizi. Yaandikie Kiswahili cha kawaida uendelee.

Humo humo weka mafumbo ya karne ya 18, pale ambapo samaki waliitwa "the finny tribe", yaani kabila lenye mapezi.

Kundi la pili ni maneno yaliyokufa: "anon" ni hivi punde, "fain" ni kwa furaha au kwa hamu, "methinks" ni naona mimi, "hark" ni sikiliza, "lo" ni tazama, "alas" ni ole, "hie" ni kwenda mbio. "Yon" na "yonder" huonyesha kitu kilicho mbali, "lile kule". "Yon silent vale" ni lile bonde la kule lililo kimya. Haya nayo si hatari, kwa sababu usipoyajua utajua kwamba hujui.

Kundi la tatu ndilo la hatari, na hapa nakuomba uende polepole. Ni maneno ambayo bado yanatumika leo lakini kwa maana nyingine. Unayaona, unadhani unayajua, unapita.

"Want". Zaburi ile ile ya 23 inaanza "The Lord is my shepherd, I shall not want". Si "sitataka". Ni "sitapungukiwa na kitu", na waliotafsiri Union Version walilijua hilo.

"Wherefore" ni "kwa nini", si "wapi". Kosa hili nimelikuta kwa wanafunzi na kwa walimu. Katika tamthilia ya Shakespeare ya "Romeo and Juliet", Juliet anaposema "wherefore art thou Romeo?" hamtafuti mpenzi wake gizani. Analia: kwa nini wewe uwe Romeo, mwana wa ukoo ulio adui kwa ukoo wetu? Ukilitafsiri "uko wapi", umeufuta uchungu wote wa tamthilia kwa neno moja.

"Corn". Hapa tunaponzwa na ugali. Katika ushairi wa Uingereza "corn" ni nafaka, mara nyingi ngano au shayiri. Mashamba ya "golden corn" si mahindi yaliyokauka. Nafaka aliyoiweka Yusufu kule Misri ndiyo hiyo, maana mahindi yalitoka Amerika baadaye sana.

"Gale" leo ni dhoruba, lakini katika mashairi ya karne ya 18 mara nyingi ni upepo mwanana. "Fowl" ilikuwa ndege yeyote. "The fowls of the air" ni ndege wa angani, si kuku. "Meat" ilikuwa chakula chochote. "Weeds" zaweza kuwa nguo, hasa za mjane. "Let" iliweza kuwa "kuzuia", kinyume kabisa cha "kuruhusu". Maana hiyo bado imo katika maneno ya pasipoti ya Uingereza, "without let or hindrance", bila kizuizi. "Presently" kwa Shakespeare ni sasa hivi. "Still" mara nyingi ni daima. "Fair" ni -zuri. "Brave" yaweza kuwa -a fahari, bila ushujaa wowote. "Awful" ni kinachokutia hofu takatifu. "Gay" ni changamfu, yenye furaha.

Kanuni yangu ni hii: shairi likiwa la kabla ya 1800, kila neno rahisi linaloonekana limekaa vibaya lipeleke kwenye kamusi kubwa, ushuke hadi maana zenye alama ya "arch." na "obs."

Beti yetu ina mtego mmoja wa aina hii, nimeuficha mwishoni. "Tide" kwa leo ni maji kujaa na kupwa, na kwa mvuvi maana hiyo inafaa sana. Lakini asili ya neno hilo ni "wakati". Ndiyo maana kuna "eventide", wakati wa jioni, ambalo waimbaji wa "Abide with Me" wanalijua. Kwa hiyo tanga haliyamalizi maji ya jioni, na pia halimalizi jioni.

Hatua ya 6: Andika tafsiri ya nathari

Usijaribu vina bado. Andika maana tu:

"Kabla alfajiri haijaligusa lile bonde la kule lililo kimya, mvuvi alishika njia mbio juu ya mawimbi meusi. 'Ole!' akasema yule mwanamke, 'tanga lako lililoshonwa viraka mara nyingi halitafika mwisho wa maji ya jioni.'"

Linganisha na Kiingereza neno kwa neno. Neno lolote usiloweza kulionyesha kwa kidole lilikwenda wapi, hujalielewa.

Hatua ya 7: Taja istilahi, kwa tahadhari

Mtihani utakuuliza majina ya mbinu. Mengi yana wenzao: "simile" ni tashibiha, "metaphor" ni sitiari, "personification" ni tashihisi, "hyperbole" ni chuku, "stanza" ni ubeti, "line" ni mshororo, "couplet" ni tathnia, "quatrain" ni tarbia, "refrain" ni kibwagizo. "Enjambment", pale sentensi inapovuka mshororo, ni mishata. "Apostrophe" ina maana mbili kama ritifaa kwetu: ile alama, na ile mbinu ya kusema na asiyekuwepo.

Lakini matatu hayalingani, na watu hupoteza alama hapa.

"Metre" si mizani tu. Mizani ni idadi ya silabi. "Metre" ni idadi pamoja na mpangilio wa mkazo. Ukisema shairi lina mizani kumi umesema nusu.

"Rhyme" si kina kama tunavyokijua. Kwetu silabi ya mwisho ikifanana inatosha. Kwa Kiingereza mfanano huanza kwenye irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno, na ni wa sauti, si wa herufi. "Vale" na "sail" ni vina kamili ingawa tahajia ni mbali. "Hied" na "tide" vilevile. Lakini "water" na "singer" si vina, hata kama zote zinaishia "-er". Wanafunzi wetu wanaotunga Kiingereza hufanya kosa hili sana, nao wanafuata sheria sahihi ya lugha nyingine.

La tatu: "blank verse" na "free verse" yote mawili huitwa "mashairi huru" darasani. Tafadhali yatenganishe. "Blank verse" haina vina lakini ina pigo lake kamili, silabi kumi na mikazo mitano. Shakespeare aliandika hivyo, na hakuwa huru hata kidogo. "Free verse" haina vina wala pigo la kudumu.

Hatua ya 8: Angalia mazingira

Rudi kwenye "summer's day". Mpenzi analinganishwa na siku ya kiangazi. Kwetu kiangazi ni vumbi, visima vikavu, jua la kuchoma utosi. Sifa gani hiyo? Lakini "summer" ya Uingereza ni miezi ya uvuguvugu baada ya baridi kali, miezi mifupi inayosubiriwa mwaka mzima. Ukitafsiri "kiangazi" bila kueleza, umemtukana mpenzi. Vivyo hivyo "April", "west wind", "nightingale", "daffodil": soma kidogo kitu hicho kilikuwa nini kwao. Usimgeuze "nightingale" akawa chiriku kwa sababu wote huimba. Acha jina lake, eleza kwamba ni ndege aimbaye usiku.

Kwa anayetaka kutunga

Unaweza kuyatumia maneno haya katika shairi lako mwenyewe la Kiingereza? Ushauri wangu ni usiyatumie. Kulikuwa na ugomvi wa kweli juu ya jambo hili. Mwaka 1742 Gray aliandika katika barua kwamba lugha ya wakati uliopo haiwi kamwe lugha ya ushairi. Mwaka 1800 mshairi William Wordsworth, katika dibaji ya mkusanyo wake, alipinga mtazamo huo na akaikosoa soneti ya Gray mwenyewe, akidai lugha ile ile wanayosema watu. Waliofuata walikwenda upande wa Wordsworth, na leo "o'er" na "thee" katika shairi jipya humfanya mhariri aliweke pembeni kabla ya kufika ubeti wa pili. Hali yetu ni tofauti: "mtima" na "mato" bado yana uhai katika utungaji wa Kiswahili. Usichukue ruhusa ya huku ukaipeleka kule.

Na kama ni lazima, kwa mchezo wa kuigiza au wimbo wa ibada, basi usichanganye. "Thou are", "thee is", "he goest": hayo ni makosa, si ukale.

Ukikwama

*Neno halipo katika kamusi yoyote.* Ondoa kiambishi cha mwanzo "a-" au "y-" utafute tena: "a-roving" ni "roving", "yclad" ni "clad". Jaribu tahajia nyingine, kwa mfano "i" badala ya "y". Kama lina herufi kubwa, huenda ni jina la mungu au mhusika wa ngano za Wagiriki au Warumi: Phoebus ni jua, Aurora ni alfajiri, Cynthia ni mwezi, Neptune ni bahari, Boreas ni upepo wa kaskazini, Philomel ni yule "nightingale".

*Silabi hazitimii.* Imepungua moja? Tafuta "-ed" ya kutamkwa kamili. Imezidi? Tafuta neno kama "heaven", "spirit" au "power" linaloweza kusomwa kwa haraka likabanwa.

*Vina havilingani.* "Love" na "prove", "wind" na "kind". Baadhi yalilingana katika matamshi ya zamani, mengine yalibaki kuwa desturi ya washairi. Usimsahihishe mshairi, yaandike kama vina.

*Kila neno nalijua, ubeti hauna maana.* Umesimama mwisho wa mshororo mahali ambapo sentensi haijaisha. Soma hadi nukta, rudi hatua ya 4.

*"Ye" haina maana ya "ninyi".* Kama ni katika bango la duka, "Ye Olde", hiyo si "ninyi" kabisa. Ni "the". Kiingereza cha zamani kilikuwa na herufi maalumu ya sauti ya "th". Katika maandishi ya mkono ikaja kufanana na "y", na wachapaji wakaweka "y". Isome "the".

*Maana mbili zinafaa sawasawa.* Ziandike zote, kama tulivyofanya kwa "tide", uende ubeti unaofuata.